Shajara ya mradi: tamthilia ya mtandaoni kutoka Rungwe

Machi. Kabla ya skripti

Mvua bado inapiga Mbeya na kushuti nje hakuwezekani, kwa hiyo mwezi huu tunakaa Uyole tukijibu swali moja: tamthilia hii itawafikiaje watu? Nimesisitiza tuanze hapo, kabla hata ya skripti, kwa sababu wenzangu wawili walifanya kazi ya filamu enzi za DVD na wote wana simulizi ileile. Unamaliza kuhariri, unapanda basi la Dar es Salaam, unampelekea msambazaji wa Kariakoo masta, yaani nakala mama ya filamu. Anaitazama, anakutajia bei. Ukisaini, unaondoka na hela ya mkupuo, na tangu hapo filamu ni yake: jalada lake, nakala zake, hata ikiuzwa mpaka ng'ambo ya mpaka. Mtengenezaji anaiona kazi yake ikichezwa kwenye basi la mkoani na hana anachodai.

Sisemi wasambazaji wote walikuwa wabaya. Aliyekuwa na mtambo wa kudurufu diski na watu wa kuzipeleka mikoani ndiye aliyepanga bei, basi. Stempu za kodi zilipoanza kubandikwa kwenye kazi za filamu na muziki mwaka 2013, wengi walitumaini hesabu za nakala zitajulikana. Lakini watu walikuwa wameshaanza kuhama kutoka kwenye diski kwenda kwenye flashi na simu.

Njia ya pili ilikuwa televisheni. Bara tulianza kuwa nayo mwaka 1994, na vituo vikubwa vikakaa Dar. Azam TV ilipoanza mwishoni mwa 2013, na chaneli za kulipia zikaanza kununua tamthilia za Kiswahili, wasanii wengi walipata kazi ya kueleweka, hilo naliheshimu. Ila chaneli ya namna hiyo hutaka episodi nyingi mfululizo na kampuni yenye mtaji wa kuzibeba. Kikundi cha watu wanane kutoka Mbeya chenye kamera moja kitaanzia wapi?

Tumekubaliana: itakuwa ya mtandaoni, episodi sita, na haki zote zibaki kwetu.

Aprili. Skripti na michango

Hadithi inahusu shamba. Miaka ya karibuni parachichi limekuwa zao la hela Rungwe na Njombe, na kipande cha ardhi ambacho zamani ndugu walimwachia mdogo wao bila maneno, leo kina wagombea. Tunawafuata dada wawili waliobaki na shamba la baba, na kaka yao anayerudi kutoka Dar akiwa na mke na mnunuzi.

Kikao cha kusoma skripti tulikifanyia Tukuyu, nyumbani kwa bibi mmoja ambaye mwigizaji wetu mkuu ni mjukuu wake. Mwandishi wetu ni kijana aliyekulia mjini. Katika sini ya tatu aliweka mke wa yule kaka akimpelekea baba mkwe chakula, anampa mkononi, anamtazama usoni na kumjibu. Bibi akainua mkono.

"Wajukuu zangu, huyu mkamwana wenu ametoka wapi? Sisi tukimsikia baba mkwe anakohoa njiani tulikuwa tunaingia migombani mpaka apite."

Mwiko huo wa Wanyakyusa unajulikana; Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Unyakyusa miaka ya 1930, aliuandika kwa kirefu. Lakini kitabu hakikutuambia mwili unakaaje. Bibi alisimama akatuonyesha: bega linavyogeuka, kanga inavyovutwa, chakula kinavyoachwa kizingitini na mtoto akatumwa kukiingiza. Sini yote imeandikwa upya, na sasa ina nguvu mara mbili, kwa sababu mke wa kaka hajui mwiko huo na mawifi zake wanamwacha auvunje makusudi. Wazee wataongea Kinyakyusa wao kwa wao, na maandishi ya Kiswahili yatapita chini. Sijui kama kituo chochote kingetukubalia hilo kwa ombi la kwanza.

Kuhusu fedha. Wenzetu wa Marekani wana tovuti ya Kickstarter, iliyoanza mwaka 2009, ambako watu hukuchangia kazi kabla haijatengenezwa. Issa Rae, mwandishi na mwigizaji wa huko, alipokuwa akitengeneza tamthilia yake ya YouTube mwaka 2011, aliomba huko na kupata zaidi ya dola 56,000 za kumalizia msimu wa kwanza. Mwaka 2016 akawa na tamthilia yake kwenye televisheni ya HBO. Jirani zaidi yuko Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, ambaye filamu zake za mapigano zilijulikana duniani kupitia tangazo moja aliloliweka YouTube. Mwaka 2015 kampeni yake iliomba dola 160 tu, zikaja zaidi ya 13,000. Kampeni ile iliendeshwa kwa msaada wa mshirika wake Mmarekani, na hapo ndipo ugumu ulipo kwetu: Kickstarter haimpokei mtayarishaji aliyeko Tanzania.

Lakini sisi tuna kamati za harusi. Hakuna Mtanzania mwenye simu ambaye hajawahi kuingizwa kwenye grupu la WhatsApp la michango, likiwa na mwenyekiti, mhazini na orodha ya ahadi inayorushwa kila jioni. Tumefungua grupu la namna hiyo kwa watu wa Rungwe na Kyela wanaoishi Dar, Dodoma na Mwanza. Mhazini ni mwalimu mstaafu, mama anayeaminika na kila mtu, na kila Jumapili anarusha picha za risiti: mafuta, chakula, kukodi maiki. Michango inaingia kwa simu. Wapo wanaotoa elfu tano wakiandika "kwa ajili ya lugha yetu". Imenigusa zaidi ya kiasi chenyewe.

Mei. Vibali

Kifupi. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ni ya mwaka 1976, na kupiga filamu kunahitaji kibali cha Bodi ya Filamu, hata kama kazi inaishia kwenye simu. Mwaka 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni zinazosimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Mwanzoni ada ya leseni ilikuwa shilingi milioni 1 kwa mwaka, mbali na 100,000 za maombi, baadaye ikapunguzwa. Kwa kikundi kidogo cha mkoani ada ya namna hiyo ni bajeti ya episodi nzima, na naona ingefaa kuwe na daraja la wanaoanza. Tumeiweka kwenye bajeti na kuendelea.

Kwa watendaji wa vijiji tumekwenda wenyewe, na barua mkononi. Hakuna aliyetuzuia.

Juni. Kushuti

Baridi ya Rungwe mwezi huu inaingia mifupani. Ukungu unashuka saa kumi jioni na kumeza migomba, chai na barabara. Saa tatu asubuhi unaondoka na mwanga unabaki laini mpaka mchana. Mpiga picha wetu anasema hajawahi kupata mwanga wa bure kama huu. Tunashuti kwa kamera moja ndogo, na simu kwa sini za ndani ya daladala na sokoni Mwanjelwa, ambako kamera ikitokea kila mtu anageuka kuitazama.

Kuhusu simu, vijana hupenda kuitaja filamu ya Sean Baker ya mwaka 2015, Tangerine, iliyopigwa yote kwa iPhone 5s na kuoneshwa kwenye tamasha la filamu la Sundance, Marekani. Ni kweli. Kinachosahaulika ni kwamba waliongezea lenzi maalumu mbele ya simu, na sauti hawakuiachia simu kabisa. Nimelisema hili kwa timu kila asubuhi. Mtazamaji atavumilia picha yenye chengachenga. Sauti mbovu haivumilii, anafunga na kwenda kwingine.

Na sauti ndiyo vita yetu. Nyumba zote ni za bati, na Tukuyu mvua hainyeshi kwa kalenda. Hata Juni inaweza kuja. Tone la kwanza likigusa bati, mazungumzo yamekwisha. Kando ya barabara kuu kuna malori ya Tunduma yanayokata gia mlimani. Mtu wetu wa sauti alikwenda kupima kila lokesheni kabla yetu, akasimama tu pale akisikiliza, akaandika kwenye daftari saa ambazo panakaa kimya. Ratiba ya kushuti tumeipanga kwa daftari lake. Sini ya ugomvi wa dada wawili aliihamishia jikoni, kwenye banda la makuti, akavitundika vitenge vinne pembeni kuua mwangwi. Waigizaji wanavaa maiki ndogo ndani ya kanga, boom, ile maiki ya kwenye fimbo ndefu, inakaa juu, na kila sini inarekodiwa kwa njia zote mbili.

Jambo jingine: redio zote zizimwe. Tulishuti kwenye mgahawa Mafiati na mama mwenye mgahawa alishangaa kwa nini tunamwomba azime muziki wakati hakuna anayeongea. YouTube ina mfumo unaotambua wimbo wa mtu hata ukisikika kwa mbali, na mwenye wimbo anaweza kuchukua mapato ya video nzima. Muziki wetu wote tunaurekodi wenyewe: kwaya moja ya Kiwira, na wazee watatu wa ngoma kutoka Kyela ambao tumeandikishiana nao makubaliano na kulipana kabla ya kugonga ngoma ya kwanza. Haiwezekani tulalamikie Kariakoo halafu tuwafanyie wao vilevile.

Julai. Uhariri

Chumba cha uhariri kina kompyuta moja na kioo kizuri, lakini uamuzi wa mwisho unafanyika kwenye simu mbili za bei rahisi, skrini zina mikwaruzo. Kila episodi tunaitazama humo, juani, tukiwa nje. Mambo mengi yamebadilika kwa sababu ya simu hizo. Picha pana za milima, zilizotufurahisha kwenye kioo kikubwa, zinakuwa vumbi la kijani. Tumezibakiza chache na tumezifupisha. Nyuso zimesogezwa karibu. Maandishi ya tafsiri tumeyakuza mpaka mhariri akanung'unika, na hayazidi mistari miwili. Spika ya simu haitoi sauti nzito, hivyo ngoma kubwa ya Kyela ilipotea kabisa. Ikabidi mtu wa sauti ainue ule mlio wa juu wa fimbo ikigonga ngozi ili mtazamaji aisikie.

Halafu kuna bando. Mtazamaji wetu ananunua MB kwa hela ya mfukoni, na dakika kumi na mbili kwa ubora wa 360p zinakula makumi ya MB. Akiachia simu ijichagulie ubora wa juu, zinakula mara kadhaa ya hapo. Ndiyo maana episodi ni fupi na haina utangulizi wa majina unaopita kwa dakika nzima. Sekunde ya kwanza mtu anaongea. Majina ya wachangiaji yako mwishoni, yote, taratibu, na naomba watu wawe na subira nayo, kwa sababu bila wao hakuna kitu.

Kupandisha faili tunafanya kwa bando la usiku. Episodi moja ya 1080p kwa kiwango ambacho YouTube hupendekeza, megabiti 8 kwa sekunde, inafika karibu MB 720. Usiku Uyole inapanda bila kukatika. Bila nyaya za baharini za 2009 na 2010, SEACOM na EASSy, na mkongo wa taifa uliozileta mpaka huku, haya yote yangebaki ndoto.

Agosti. Vijana wa flashi

Episodi mbili ziko hewani, na hapa naandika kwa kirefu kwa sababu limezuka jambo ambalo halimo kwenye mafunzo ya YouTube.

Wiki ya pili mpiga picha alikuta episodi yetu ya kwanza Mwanjelwa, kwenye kibanda cha kujaza filamu. Vibanda hivi viko kila mji: kijana na kompyuta yake, unampa flashi au memori kadi, anakujazia sizoni za Kikorea, za Kituruki, filamu za mapigano zilizoingizwa sauti ya mtafsiri, kwa mamia ya shilingi tu. Wenzangu walikasirika. Mmoja alitaka twende polisi.

Nilikwenda kuongea naye. Aliniamkia vizuri, akanikalisha, akaniambia bila kuficha, "Kaka, wateja wanaiulizia. Mama mmoja wa Ilembo kanunua flashi mpya kwa ajili yake. Kule kwao mtandao haushiki." Akanionyesha kwenye simu yake orodha ya anayoulizwa kwa wiki. Nimekaa na maneno hayo kichwani tangu siku ile. Kuna mtazamaji wetu ambaye YouTube haitamhesabu kamwe, na aliyemfikishia kazi ni huyu kijana.

Msimamo wangu ni huu, na timu imeukubali baada ya mabishano marefu. Kuiuza kazi ya mtu bila ruhusa ni wizi, na tumemwambia hivyo. Lakini tumempa ruhusa, kwa maandishi. Tunampa sisi wenyewe faili safi, ndogo, siku mbili baada ya kupanda mtandaoni, ikiwa na namba yetu ya michango mwanzoni na mwishoni. Anauza kwa bei yake, anatutumia sehemu yetu kila mwisho wa wiki, na anatuandikia kijiji cha mteja. Kingine ni kwamba haruhusiwi kukata majina. Amefanya uaminifu mpaka sasa. Daftari lake lina Ilembo, Isongole, Kapugi, Mbalizi, Chunya, sehemu ambazo takwimu za chaneli zinaonyesha kama vile hakuna mtu.

Mbalizi tumekwenda zaidi ya flashi: mwenye kibanda umiza kimoja alikubali kutuonyeshea episodi mbili kabla ya mechi ya Ligi Kuu ya Uingereza. Watu walikuja kwa ajili ya mpira. Sini ya mkamwana ilipofika, akina mama waliokuwa wakiuza karanga nje waliingia ndani, na mzee mmoja akasema kwa sauti, "Huyo hajafundwa!" Banda zima likacheka, kisha likanyamaza kusikiliza. Nilikuwa nimesimama nyuma kabisa na moyo ulikuwa ukinidunda.

Septemba. Takwimu

Ili YouTube ianze kukugawia hela ya matangazo kikamilifu, inataka watu 1,000 waliojisajili na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi kumi na miwili. Wenzangu waliona saa 4,000 kama mlima, basi tukakaa na kalamu. Ni dakika 240,000. Mtu akitazama dakika nane kati ya kumi na mbili, tunahitaji kutazamwa mara 30,000. Vipande vifupi vinavyotazamwa kwenye Shorts havihesabiwi katika saa hizo, ingawa vinaleta watu. Ukivuka, mtengenezaji anapata asilimia 55 ya hela ya matangazo kwenye video ndefu, na hailipwi mpaka ifike dola 100. Bei ya tangazo inategemea mtazamaji yuko nchi gani, na mapato yanayotokana na watazamaji wa Marekani hukatwa kodi huko, asilimia 30 kwa nchi kama yetu isiyo na mkataba nao wa kodi. Tumeandika yote haya ukutani. Hela hii haitatajirisha mtu. Kwa sasa grupu la michango na flashi vinaingiza zaidi.

Kilichonishangaza ni ramani. Dar inaongoza, kama tulivyotarajia; Mbeya inafuata. Lakini nchi ya pili baada ya Tanzania ni Malawi. Ng'ambo ya mto Songwe, Karonga, watu wanazungumza Kingonde, ndugu wa damu na Kinyakyusa. Wanawaelewa wazee wetu bila kusoma maandishi ya chini, na wengine wametuandikia kwamba Kiswahili ndicho kinachowapa shida kidogo. Wana mashamba yaleyale, mkwe yuleyule, ugomvi uleule wa ndugu. Mpaka wa Kasumulu uliwagawa kwenye redio, kwenye vitabu vya shule na kwenye televisheni, na hakuna kituo cha Dar wala cha Lilongwe kitakachowatengenezea tamthilia pamoja. Sisi hatukuwatafuta. Walituona kwa sababu mtu wa Kyela alimrushia shemeji yake kiungo.

Tangu niione ramani hiyo nimeacha kuuita mradi huu tamthilia ya Mbeya. Kwa episodi ya tano tumeongeza sini ya mnunuzi anayevuka mpaka, na mwigizaji wake ni baba mmoja wa Karonga aliyekuja kwa nauli ya grupu.

Oktoba. Mkataba wa televisheni

Kituo kimoja cha televisheni kimetuita. Wameona episodi nne na wanataka zote sita, pamoja na msimu wa pili. Hela waliyotaja ni kubwa kuliko mtandao utakavyotulipa kwa muda mrefu, na ndani ya timu kuna wenye kodi ya nyumba na ada za shule. Sitaki mtu aone aibu kuitamani.

Mkataba tumeusoma kwa sauti, kipengele kwa kipengele. Wanataka haki ya pekee, katika njia zote za usambazaji, duniani kote, bila kikomo cha muda. Episodi zilizoko mtandaoni ziondolewe. Mazungumzo ya Kinyakyusa yaingizwe sauti ya Kiswahili. Mwenzangu wa enzi za DVD aliukunja, akaniambia, "Kaka, huu nilishausaini. Ulikuwa na jalada tofauti tu."

Tulibishana usiku mzima. Mwigizaji mkuu alitaka tukatae kabisa. Mimi sikubaliani naye, maana televisheni inaingia nyumba ambazo bando haliingii, na mama wa Ilembo anaweza kuwa na dekoda. Mwishowe tumeandika pendekezo letu. Wachukue haki ya kurusha hewani Tanzania kwa miaka miwili. Mtandao ubaki wetu, na flashi pia. Kinyakyusa kibaki kama kilivyorekodiwa, na maandishi chini. Bei tumeishusha mpaka chini ya nusu ya ile waliyotaja, na kila mmoja wa wale wanane amesaini kwamba ameielewa. Kipengele cha Malawi tumekiandika peke yake: hakuna atakayefunga chaneli kwa mtu aliyeko Karonga.

Wamejibu kwamba mwanasheria wao anasoma. Episodi ya sita inapanda Jumamosi saa mbili usiku kama tulivyotangaza, na kijana wa Mwanjelwa atapata faili yake Jumatatu asubuhi.